Nyumba nyuma ya Ngome Kongwe: nilipe miezi sita au nisubiri?

Swali la msomaji: "Mimi ni muuguzi kutoka Morogoro. Nimepata kazi Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, naanza Januari. Dalali amenionesha nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya pili, nyuma tu ya Ngome Kongwe. Ukisimama dirishani unauona mnara wa ngome na kipande cha bahari. Kodi ni laki saba kwa mwezi, nilipe miezi sita mbele pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Imepakwa rangi juzi, inang'aa. Nitahamia na mama yangu anayesumbuliwa na magoti, na mwanangu wa miaka mitatu. Dalali anasema kuna wengine wanaisubiri. Nilipe? Na je, naruhusiwa kufunga kiyoyozi?"

Dada yangu, usilipe bado. Sisemi usiichukue. Nasema usitoe milioni nne na laki tisa kabla hujarudi kuiona tena, na safari hii usimwache dalali akupeleke moja kwa moja dirishani. Kazi yangu ni kukagua nyumba za mawe za Mji Mkongwe, na karibu kila mpangaji aliyewahi kunijia analalamika, kisa chake kilianzia dirishani. Anaoneshwa bahari, anasahau kugeuka nyuma kuutizama ukuta.

Katika barua yako kilichonishtua si miezi sita. Ni yale maneno "imepakwa rangi juzi".

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Ukuta wake ni mnene, mara nyingi nusu mita na zaidi, na jiwe lenyewe lina vitundu kama sponji. Ukuta huo hunywa maji. Wazee waliujenga wakilijua hilo, ndiyo maana waliupiga lipu ya chokaa: maji yakiingia, jua na upepo huyatoa taratibu kupitia lipu ileile. Balaa limekuja na saruji. Fundi wa leo akikuta chokaa imemomonyoka, anakoroga saruji na mchanga, anapiga lipu, ukuta unatoka laini kama sahani. Maji yaliyomo ndani sasa hayana pa kutokea. Yanahama, yanabeba chumvi, na chumvi ikikaukia chini ya rangi inavimba na kuibandua magamba magamba. Mwenye nyumba anasubiri mvua zikatike, anapiga rangi ya mafuta, anamwita dalali. Ndani ya miezi miwili mitatu yale magamba yanarudi, na wewe umeshalipa.

Kwa hiyo ukirudi pale, gusa. Weka kiganja ukutani kwenye kimo cha goti, halafu kimo cha kichwa, halafu nyuma ya mlango na kwenye pembe lisikofika jua. Ukisikia baridi ya unyevu, jiulize maji yanatoka wapi. Maji ya ardhini hupanda ukuta, lakini hayafiki ghorofa ya pili. Unyevu wa huko juu mara nyingi una asili mbili: paa au bafu. Vyote viwili vinakaguliwa kwa macho, huhitaji mhandisi.

Anza na paa. Mwambie dalali akufungulie mlango wa darini. Akikwambia ufunguo haupo, mwambie utarudi ufunguo ukipatikana. Nyumba nyingi zilikuwa na mapaa bapa ya chokaa, baadaye zikaezekwa mabati juu yake, na kati ya bati la nyumba yako na bati la jirani kuna mfereji ambao hauna mwenyewe. Jirani anasema ni wako, mwenye nyumba wako anasema ni wa jirani, majani ya mkungu yanajaa humo, na masika yakianza Machi maji yote yanateremkia kwenye ukuta mnaochangia. Kaa kwenye mfereji huo dakika moja uutizame. Ukikuta mche wa mvumo, ule mti wa jamii ya mkuyu, umeota kwenye lipu, mizizi yake imeshaingia ndani ya ukuta muda mrefu.

Ukiwa huko juu tafuta tangi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili zilizokaa juu ya kichwa cha mwanao. Maji ya bomba mjini hayaji kila saa, kila mtu anaweka akiba, na simlaumu. Lakini tangi linatakiwa likae juu ya ukuta mnene au liwekwe chini na pampu ipandishe. Likiwa limekaa katikati ya chumba, juu ya boriti, hapo pana kasoro kubwa.

Boriti zenyewe ni miti ya mikoko. Umeshangaa kwa nini vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba? Ni kwa sababu boriti haibebi vizuri zaidi ya mita tatu hivi, basi nyumba nzima ilipimwa kwa urefu wa mti. Boriti njema hukaa miaka mia na zaidi. Adui yake ni maji, na huanzia kichwani, pale mti ulipoingia ukutani. Katikati unaona mti mzima, mweusi, mgumu, kumbe ncha zake zimekuwa unga. Gonga karibu na ukuta kwa ufunguo. Mti mzima unalia kama mlango. Mti uliooza unajibu kwa sauti ya kiroba.

Sasa bafu. Ghorofa nyingi za zamani hazikuwa na bafu katika kila sehemu. Nyumba ya familia moja ilipogawanywa ikawa ya wapangaji watano, kila mmoja akachongewa chake, mara nyingi kwenye pembe ya chumba, juu ya boriti zilezile, kwa zege jepesi na vigae. Kigae kikipasuka huoni kitu juu. Anayeona ni wa chini. Ndiyo maana kabla hujalipa, shuka ghorofa ya kwanza, piga hodi, toa salamu kwa utaratibu (usikimbilie haja yako, sisi hapa salamu ni ndefu), kisha muombe jirani akuoneshe dari yake iliyo chini ya bafu lako. Doa la rangi ya chai lenye ukingo wa kahawia ni bafu linalovuja. Jirani atakwambia na mengine. Hana faida ya dalali.

Hili nimelipata kwa kitanda changu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilipanga chumba Kiponda, cha chini ya bafu la watu. Kila asubuhi kulikuwa na tone moja, nikaliwekea kopo, nikalizoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Siku moja nimerudi kazini adhuhuri, nakuta kipande cha dari, mawe na chokaa, kimelala pale ninapoweka kichwa. Mwenye nyumba alikuja, akatizama, akasema alhamdulillahi hukuwepo. Mwisho wa mwezi akaja tena kuchukua kodi.

Kutoka mlangoni kwako hadi Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ni hatua za kuhesabu. Jumba lile lilijengwa na Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, mwaka 1883, halikuwa na mfano pwani hii. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati ukarabati unaendelea, na watu wawili wakafa. Sikutajii hilo ili nikutishe. Lile lilikuwa jumba la taifa, lina mafundi, lina fedha, lina macho ya dunia nzima tangu Mji Mkongwe ulipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba unayotaka kupanga ina macho yako tu. Na kwa upande wa pili, Ngome unayoitizama dirishani ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kutolewa mwaka 1698, ni mawe hayohayo, na imesimama. Ila haijawahi kugawanywa vyumba vitano vyenye mabafu ghorofani.

Usisahau duka la chini. Nyuma ya Ngome karibu kila ukumbi wa chini umekuwa duka la vinyago na vitambaa, na mwenye duka hupenda mlango mpana. Kama ukuta wa chini umekatwa kufungua kioo, ukuta wako wa juu umepoteza mguu. Tafuta nyufa zinazoteremka kwa mshazari kutoka pembe za madirisha. Ufa mwembamba kama unywele ni wa lipu, achana nao. Ufa unaopokea ukingo wa sarafu, na unaoonekana ndani na nje mahali palepale, hapo shuka ngazi uondoke.

Tuje kwenye karatasi, maana hapo pia kuna mtego na sidhani kama dalali amekutajia.

Nyumba za Mji Mkongwe zina wenyewe wa aina tatu. Kuna za serikali, nyingi zilichukuliwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Kuna za wakfu, zilizo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na kuna za watu binafsi. Muulize dalali yako ni ipi. Kama ni ya serikali au wakfu, anayejiita mwenye nyumba huenda ni mpangaji kama wewe, analipa kodi ndogo huko na kukutoza laki saba hapa. Muombe risiti ya mwisho aliyolipa na barua inayomruhusu kupangisha. Akikasirika, umeshapata jibu.

Kama ni ya mtu binafsi, tatizo huwa mirathi. Mzee amefariki, ameacha watoto saba, watatu wapo hapa, wawili Muscat, mmoja Dubai, mmoja hajulikani. Anayekupangisha ni yule anayekaa karibu. Siku wa Muscat akija likizo na kukuta mgeni amelala chumbani kwa marehemu mama yake, ugomvi ni wao lakini mizigo inayotolewa nje ni yako. Mkataba usainiwe na msimamizi wa mirathi au mtu mwenye uwakala wa maandishi wa warithi wote, uoneshwe karatasi, uchukue nakala. Pesa ipitie benki au simu kwa jina lililo kwenye mkataba. Usimpe dalali kodi ya mwenye nyumba mkononi hata kama amekuonesha msikiti anaoswalia.

Halafu hesabu miezi. Ukianza Januari na kulipa sita, mkataba wako unakwisha tarehe 30 Juni. Julai ndiyo wageni wanaanza kumiminika. Nyumba yenye dirisha la bahari nyuma ya Ngome inaweza kupangishwa kwa watalii kwa usiku, na kuna wenye nyumba wanaotafuta mpangaji wa kuwawekea nyumba joto wakati wa masika, wakati wageni ni wachache, kisha Juni wanamwambia "mwanangu anarudi kutoka Ulaya". Sijui kama wako ni wa aina hiyo. Unaweza kumjua kwa njia rahisi: muombe mkataba wa mwaka mzima, kodi ileile, ulipe miezi mitatu mitatu, au kama amekaza, sita na sita. Akikubali mwaka, ni mtu wa wapangaji. Akisema tusaini sita kwanza tuone, unajua anachokiona.

Ukishakubaliana, kapige hodi kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, ujitambulishe. Hapa mgeni anayehamia lazima ajulikane kwa sheha, na wewe utahitaji barua yake kwa mambo mengine mengi. Na sheha anajua nyumba ipi ina kesi. Mtembelee kabla ya kulipa badala ya baada.

Umeme wa hapa unalipiwa kabla kwa mita ya Tukuza. Hakikisha mita ni yako peke yako, si ya kuchangia na duka lenye friji mbili za soda. Zima kila kitu ndani, kisha itizame mita. Ikiendelea kula, kuna mtu anakula kwako.

Kelele ni jambo la ladha, lakini wewe ni muuguzi na utapewa zamu za usiku, kwa hiyo utalala mchana. Watu huonya juu ya usiku wa Forodhani, ile bustani ya ufukweni mbele ya Ngome, moshi wa mishkaki na vijana wanaojirusha baharini. Kwa kweli usiku huo hutulia. Mchana ndio mgumu. Vikundi vya watalii hupita nyuma ya Ngome kuanzia saa tatu asubuhi, kila kiongozi anasimama chini ya dirisha lilelile na kueleza habari ya Wareno kwa lugha yake, kwa sauti ya kufika nyuma. Nakuhakikishia baada ya mwezi utaijua hadithi hiyo kwa Kitaliano. Ndani ya Ngome pia kuna ukumbi wa wazi wa maonesho, na tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambalo mwaka wa kwanza lilikuwa 2004, limezoeleka humo mwezi wa Februari. Ngoma zikipigwa ndani ya kuta zile, kioo cha dirisha kinacheza. Mie napenda. Mtoto wa miaka mitatu, Mungu anajua.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu hapo ndipo ninapoegemea kukwambia hapana. Hesabu vidato kutoka mlango wa chini hadi mlango wako, na vipime kimo. Ngazi za nyumba za mawe ni za mwinuko mkali, vidato havilingani, na mara nyingi hazina mahali pa kushika. Gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo kutoka barabarani hadi mlangoni ni kutembea, na siku magoti yakimkamata mama atabebwa kwenye kiti na vijana wa baraza. Watambeba, hilo sina shaka nalo. Lakini yeye atakubali kubebwa mara ngapi? Ninaowajua wa umri wake wanaacha kutoka. Wanakaa dirishani mwaka mzima na ile bahari uliyoilipia.

Kama hilo linakugusa, tafuta chumba cha chini au ghorofa ya kwanza upande wa Vuga au Mkunazini. Ukiwa Vuga unafika hospitali kwa miguu kabla kiatu hakijapata vumbi. Kikwajuni nako kuna nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, hazina uzuri wa kupigia picha, lakini taksi inafika mlangoni, na Ngome utaiona kila ukitaka kwa kutembea jioni. Chini kabisa Mji Mkongwe napo kuna unyevu wa ardhini, hivyo kile kiganja cha kwenye goti ndicho kitakachokufaa huko.

Na kiyoyozi. Usitoboe ukuta. Nyumba zilizomo ndani ya eneo la hifadhi haziguswi uso wake bila ya kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iwe dirisha, rangi ya nje au lile boksi la kiyoyozi linaloning'inia barabarani. Anayeomba ni mwenye nyumba, kwa hiyo mwambie akuombee, na iandikwe kwenye mkataba nani analipa na nani anabaki nacho ukihama. Ushauri wangu ni ukae masika moja kwanza na feni ya kusimama. Ukuta wa nusu mita haupati joto haraka kama tofali la bloku, na madirisha yale marefu yaliwekwa yatazamane ili upepo upite. Fungua yote mawili jioni, usiweke kabati mbele ya moja. Chumba cha chokaa ukikifunga na kukipoza usiku kucha, asubuhi ukuta unatoka jasho.

Ukienda Jumamosi nenda na tochi, futi ya kupimia (friji na kitanda vipimwe dhidi ya ile ngazi), na mtu mwingine mwenye macho. Kama usiku wa kuamkia Jumamosi imenyesha, usiahirishe. Ndiyo siku bora ya kwenda. Jirani wa ghorofa ya kwanza mgongee kabla ya adhuhuri, wakati dalali bado hajafika.